Barua ya kuacha kazi isiandikwe Jumapili usiku

Ninafanya ushauri nasaha hapa Dar es Salaam, na wengi wanaoletwa kwangu na mambo ya kazi huja barua ikiwa tayari imo kwenye simu. Imeandikwa Jumapili usiku, imejaa hasira, na haisemi hata siku ya mwisho kazini ni lini. Swali ni moja: niitume? Mara nyingi nakubaliana nao kwamba waondoke. Ninachobishana nao ni mpangilio: kwanza ulale, utibiwe, ndipo uandike.

Simwambii mtu avumilie. Hilo ameshaambiwa na mama, shangazi na mchungaji, tena kwa nia njema, maana ajira mjini hapa ni ngumu. Lakini zipo ofisi zinazowafanya watu waugue, na mwili ndio hukataa mapema. Kijana mmoja (nimebadilisha mambo kadhaa asitambulike) ofisi yake iko Posta, lakini alikuwa akishuka mwendokasi kituo cha Fire na kumalizia kwa miguu. Sababu ni kwamba akibaki ndani hadi basi likaribie Kisutu, tumbo linamvuruga na viganja vinalowa jasho. Alishapimwa malaria na taifodi, akameza dawa za vidonda vya tumbo. Jumamosi haumwi. Nilipomuuliza ni simu ya nani ikiita anashtuka, aliigeuza simu yake kifudifudi juu ya meza kabla hajanijibu.

Katika ainisho la magonjwa la ICD-11, lililopitishwa mwaka 2019, Shirika la Afya Duniani linauhesabu uchovu wa kazini (burnout) kuwa hali inayotokana na kazi, halisemi ni ugonjwa. Nguvu zinakwisha, kazi unaichukia au unaifanya kama haikuhusu, na ufanisi unashuka. Ukiwa umefika hapo tu, kuhama kunaweza kutosha. Sonona (depression) ni jambo jingine. Ikiwa wiki mbili zimepita hufurahii chochote, hata ukiwa nyumbani na watu wako, usingizi umekatika na chakula hakipiti, utaihama ofisi na sonona utakwenda nayo. Tena sonona hukuonyesha milango yote imefungwa, kwa hiyo maamuzi unayoyafanya ukiwa ndani yake uyatilie shaka. Na kama yameanza mawazo ya kujidhuru, achana na habari ya barua, mwambie mtu akusindikize hospitali leo hii: Muhimbili, au Amana, Mwananyamala, Temeke, yoyote iliyo karibu.

Sasa kuna jambo ambalo wateja wangu wengi hawalijui. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi aliyefikisha miezi 6 kazini likizo ya ugonjwa ya hadi siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Kinachotakiwa ni cheti cha daktari, na ugonjwa wa akili ni ugonjwa. Watu wanaona aibu kupeleka ED, yaani cheti cha daktari cha kupumzika kazi, iliyotoka kliniki ya afya ya akili, wanaona bora waache kazi kabisa. Mimi naona hiyo ni aibu ya gharama kubwa mno. Pumzika kwanza, halafu uone kama bado unataka kuondoka. Wengi bado wanataka, ila safari hii wanaandika barua ya mistari minne isiyo na matusi.

Tena nenda hospitali kadi ya bima ikiwa bado inafanya kazi. Kama unakatwa mkopo kwenye mshahara, kaa na benki kabla hujakaa na bosi, usije ukaangukia mikononi mwa kausha damu, wale wakopeshaji wa riba kubwa. Na ujue kwamba fao la kukosa ajira la mfuko wa hifadhi ya jamii halimhusu aliyeacha kazi mwenyewe.

Notisi kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28 baada ya mwezi wa kwanza wa ajira, isipokuwa mkataba wako unataka zaidi. Ukitoweka tu, mwajiri anaweza kuzikata siku hizo kwenye malipo yako ya mwisho. Siku za likizo ya mwaka ulizolimbikiza zidai, na cheti cha utumishi usikisahau. Lakini kama ulisukumwa hadi ukashindwa kubaki, sheria inaweza kuhesabu kwamba mwajiri ndiye aliyekuachisha. Shauri la namna hiyo hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, kwa hiyo muone mwanasheria au chama cha wafanyakazi kabla hujasaini chochote, na zile meseji za matusi usizifute.

Ukishakabidhi laptopu na funguo, jitoe siku hiyohiyo kwenye kundi la WhatsApp la ofisi. Wenzako unaowapenda, namba zao unazo.