Siku mbili za kwanza Lisbon, hadi kwenye dhahabu ya Kilwa

Kinachomchosha mgeni wa Lisbon ni vilima na foleni. Umbali wenyewe ni mfupi: kutoka uwanja wa Praça do Comércio, kando ya mto Tejo, hadi uwanja wa Rossio ni mwendo wa dakika kumi hivi kwa miguu. Lakini ukifuata orodha ya vivutio bila kutazama ramani, utapanda na kushuka kilima kilekile mara tatu kwa siku. Ninashauri siku ya kwanza iwe ya vilimani, ya pili iwe ya mtoni. Na hiyo ya mtoni isiangukie Jumatatu, maana siku hiyo monasteri ya Jerónimos na makumbusho mengi hufungwa.

Anza na kadi ya usafiri, hapohapo uwanja wa ndege, kwenye kituo cha metro cha laini nyekundu. Mashine inauza kadi iitwayo navegante ocasional kwa senti 50 za yuro, nayo hutumika mwaka mzima. Kila msafiri awe na yake. Mke na mume hawawezi kupita getini kwa kadi moja. Kisha unaijaza, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Unaweza kuweka tiketi za safari moja moja, ambazo kila moja ni dakika 60 za metro na mabasi. Au tiketi ya saa 24. Au salio wanaloliita zapping, linalokatwa kadiri unavyosafiri. Kadi haichanganyi. Ukishaweka tiketi tano za safari moja, haitapokea zapping mpaka ziishe zote, na watu huhangaika na mashine wakidhani ni mbovu. Mimi humshauri mgeni achukue zapping tangu mwanzo, kwa sababu salio hilo moja hulipia metro, tramu, treni za Belém na Sintra, na hata kivuko cha kwenda Cacilhas ng'ambo ya mto. Kwenye metro na treni gusisha kadi unapoingia na unapotoka. Kwa dereva wa tramu tiketi ipo pia, ila ni ghali zaidi. Kwenda katikati ya mji, badilisha Alameda, panda laini ya kijani, ushuke Rossio au Baixa-Chiado.

Kuhusu fedha: mashine ya kutolea pesa ikikuuliza ukatwe kwa yuro au kwa sarafu ya kwenu, chagua yuro. Ukichagua shilingi, mwenye mashine ndiye atakayepanga kiwango, na hakitakuwa cha kukufaa wewe. Tenga pia kodi ya jiji ya wageni, yuro 4 kwa kila mtu wa miaka 13 na kuendelea kwa kila usiku, hadi usiku wa saba. Mara nyingi haimo kwenye bei uliyolipia mtandaoni.

Sasa vilimani. Viatu kwanza. Njia za waenda kwa miguu zimetandazwa vipande vya mawe ya chokaa, wenyewe huita calçada, vilivyosuguliwa na nyayo mpaka vinang'aa. Manyunyu kidogo tu na njia inateleza kama sabuni. Vaa soli ya mpira yenye meno. Kandambili na viatu vya ngozi vya soli laini viache hotelini.

Kufika ngome ya São Jorge si lazima upande ngazi zote. Katika mtaa wa Rua dos Fanqueiros, namba 170 hadi 178, kuna lifti ya umma ya bure inayokutoa mtaa wa juu, Rua da Madalena. Vuka, panda kidogo hadi lilipokuwa soko la Chão do Loureiro, leo jengo la maegesho lenye duka kubwa. Humo mna lifti ya pili, nayo ya bure, itakayokufikisha karibu na kuta za ngome. Ukimaliza ngome, shuka taratibu hadi roshani ya Portas do Sol, ukiwa na mto mbele yako. Chini yake ndipo Alfama. Jina hilo ni la Kiarabu, al-hamma, chemchemi ya maji moto. Anayejua neno hamamu atalisikia humo. Vichochoro vyake huichanganya ramani ya simu. Iweke mfukoni, ushuke tu: kila mteremko huishia mtoni.

Ukifika Baixa, mtaa wa bondeni katikati ya mji, utaona mitaa imenyooka kama rula. Tarehe 1 Novemba 1755 tetemeko la ardhi, mawimbi makubwa na moto viliuangamiza mji, na Marquês de Pombal, waziri wa mfalme, akasimamia ujenzi mpya wa nyumba zenye kiunzi cha mbao ndani ya kuta ili zihimili mtikisiko. Alfama ilisalimika kwa sehemu kubwa, ndiyo maana bado imejipinda.

Tramu namba 28 ni nzuri, ila wengi huipanda kwa makosa. Hujipanga Martim Moniz saa tano asubuhi, husubiri muda mrefu juani, kisha husafiri wamesimama na kubanwa. Wachomoaji hupenda msongamano huo. Ipande kabla ya saa tatu asubuhi, au anzia mwisho wa pili, Campo de Ourique, ambako foleni kwa kawaida ni fupi. Begi livae kifuani, simu isikae mfuko wa nyuma.

Mezani, mhudumu ataleta mkate, zeituni na jibini kabla hujaagiza. Hivyo si zawadi: ukila, vinaingia kwenye bili. Usipovitaka, sema "não, obrigado" (mwanamke husema "obrigada") na vitaondolewa bila kinyongo. Bacalhau ni samaki wa chumvi, binamu wa ng'onda wetu, huloweshwa kabla ya kupikwa. Asiyekula nguruwe aulize hata kuhusu supu: caldo verde ya mboga huwekwa kipande cha chouriço, soseji ya nguruwe. Mikahawa ya halali ipo mingi karibu na Martim Moniz, mtaa wa Rua do Benformoso, na msikiti mkuu uko jirani na kituo cha metro cha Praça de Espanha. Orodha ya vyakula nayo haitakuwa ngeni kabisa: mesa ni meza, copo ni kopo, ananás ni nanasi. Na igreja, yaani kanisa, ndilo lililotuachia neno gereza.

Siku ya mtoni, chukua treni kituo cha Cais do Sodré mapema na ushuke Belém. Ni dakika chache tu. Angalia ubaoni kama treni husimama hapo. Jerónimos, iliyoanza kujengwa mapema miaka ya 1500 kwa amri ya mfalme Manuel I, ina foleni mbili, na watu hupoteza saa nzima katika isiyo yao. Ndefu ni ya ua wa ndani wenye matao, unaolipiwa. Kanisa ni bure na lina mlango wake. Mara tu uingiapo, chini ya roshani ya kwaya, kuna kaburi la Vasco da Gama, yuleyule aliyetia nanga Mombasa na Malindi mwaka 1498. Mnara wa Belém utazame kwa nje. Ngazi zake ni nyembamba na watu hupishana kwa zamu.

Mchana rudi kwa tramu namba 15 hadi mitaa ya Santos, upande hadi Museu Nacional de Arte Antiga, makumbusho ya taifa ya sanaa za kale. Wageni wengi huiruka, na kwa msomaji wa Kiswahili ningeiweka mbele ya vyote. Uliza Custódia de Belém: monstransi, yaani chombo cha kuonyeshea Ekaristi kanisani, ya dhahabu na enameli, mitume kumi na wawili wamepiga magoti kuizunguka, kazi inayohusishwa na sonara Gil Vicente. Mwaka 1502 Vasco da Gama alimlazimisha mtawala wa Kilwa kulipa dhahabu ya utii, akaifikisha Lisbon mwaka 1503. Mwaka 1505 Wareno wakarudi na kuuteka mji wenyewe. Monstransi ilikamilika 1506, na mfalme akaiachia Jerónimos. Usiitazame juu tu. Inama, uzunguke kitako chake ukisoma maandishi: yanasema wazi kwamba dhahabu ni ya kodi ya Kilwa. Jipe nusu saa hapo. Ukitoka, bustani ya makumbusho ina mkahawa unaotazama Tejo, mto ulioingiza dhahabu hiyo mjini.