Saikolojia: maswali na majibu kuhusu akili, kumbukumbu na hofu

Je, saikolojia ni kwa ajili ya wagonjwa wa akili tu?
Hapana. Ni sayansi ya akili na tabia ya kila mtu: namna tunavyohisi, tunavyojifunza, tunavyokua na tunavyoishi na wenzetu. Wilhelm Wundt alipofungua maabara yake Leipzig, Ujerumani, mwaka 1879, aliwapima watu wenye afya zao, kwa mfano mtu huchukua muda gani kuitikia sauti. Maradhi ya akili ni tawi moja tu.

Kumbukumbu hukaa wapi?
Haikai mahali pamoja. Mwaka 1953 Henry Molaison, Mmarekani wa miaka 27, alifanyiwa upasuaji wa ubongo ili kutuliza kifafa. Kifafa kilipungua, lakini tangu hapo hakuweza kuhifadhi jambo jipya. Mwanasaikolojia Brenda Milner alimwona mara nyingi mno, na kila mara alipokewa kama mgeni. Milner akampa kazi ya kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo. Siku baada ya siku mchoro ulinyooka, ingawa mwenyewe alisema hajawahi kuifanya kazi ile. Mkono ulikuwa umejifunza, mwenyewe hana habari. Ndiyo maana si sawa kumwambia anayesahau majina kwamba akili yake yote imekwisha.

Ninakumbuka tukio waziwazi. Naweza kuwa nimekosea?
Ndiyo, na bila kudanganya. Elizabeth Loftus na John Palmer, mwaka 1974, waliwaonyesha watu filamu fupi ya ajali ya magari. Watu 50 waliulizwa magari yalikuwa na mwendo gani yalipopondana, wengine 50 yalipogongana. Wiki moja baadaye wote waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Filamu haikuwa na vioo hivyo, lakini 16 wa kundi la kwanza walisema waliviona, na 7 wa kundi la pili. Kila tunapokumbuka tunalijenga tukio upya, na swali la muulizaji linaweza kuingia humo. Anayemhoji mtoto au mtu aliyeumizwa awe mwangalifu sana hapa.

Hofu hutoka wapi, na kwa nini haiishi?
Nyingine tunazaliwa nayo, nyingi tunajifunza. Ivan Pavlov, Mrusi, alionyesha kuwa mbwa hutokwa na mate kwa kusikia tu sauti iliyozoea kutangulia chakula. Mwaka 1920 John Watson na Rosalie Rayner walimfundisha mtoto mchanga kumwogopa panya mweupe kwa kugonga chuma nyuma yake kila alipomgusa. Jaribio hilo lilikuwa la kikatili, na hawakumwondolea hofu ile.

Mary Cover Jones ndiye aliyefanya kazi yenye faida. Mwaka 1924 alieleza jinsi mtoto aitwaye Peter, aliyeogopa sungura, alivyosogezewa sungura kidogo kidogo huku akila chakula anachokipenda, mpaka akamshika mwenyewe. Tiba ya hofu leo inafuata njia hiyo hiyo. Kukwepa hufanya kinyume: ukikimbia unapata nafuu papo hapo, na nafuu hiyo inakufundisha kukimbia tena kesho.

Kwa nini nafuata kundi hata nikijua limekosea?
Kupingana na wengi ni mzigo mzito. Mwanasaikolojia Solomon Asch alilithibitisha hilo miaka ya 1950 kwa swali jepesi la kulinganisha urefu wa mistari: wenzake mjibuji walikuwa wamepangwa kutoa jibu la makosa kwa makusudi, na mara nyingi aliwafuata. Lakini alipopatikana mwenzao mmoja tu wa kusema kweli, wengi walirudi kuyaamini macho yao.

Nitafute msaada lini?
Huzuni, au kukosa hamu ya mambo uliyoyapenda, ikidumu wiki mbili karibu kutwa nzima kila siku, nenda kituo cha afya. Vivyo hivyo hofu ikikuzuia kazi, masomo au usingizi. Mawazo ya kujiua hayasubiri wiki mbili: mwambie mtu leo, na asikuache peke yako mpaka umwone mhudumu wa afya.