Mgawanyiko wa Seli na Chanzo cha Saratani ya Mlango wa Kizazi

Mwili wa mtu mzima hauachi kutengeneza seli mpya: utando wa ndani wa utumbo hujijenga upya kila baada ya siku chache, na uboho wa mifupa huzalisha takriban chembe nyekundu za damu milioni 2 kila sekunde. Kabla ya kugawanyika, seli hukua, hunakili kromosomu zake zote 46 (nyuzi zinazobeba vinasaba), hukagua nakala hizo, na ndipo huzitenganisha sawasawa pande mbili na kuwa seli mbili. Kwa seli za binadamu zinazokuzwa maabara, mzunguko mzima huchukua takriban saa 24, ilhali kugawanyika kwenyewe huchukua kama saa moja tu.

Muda mwingi basi ni wa maandalizi na ukaguzi, na hapo ndipo afya yetu ilipo. Protini iitwayo Rb huizuia seli isianze kunakili vinasaba kabla ya kupokea ishara, na nyingine, p53, huisimamisha seli yenye vinasaba vilivyoharibika hadi virekebishwe, au huiamuru ife. Hizo ni breki mbili muhimu mno.

Virusi vya HPV, yaani virusi vya papiloma vinavyoenezwa hasa kwa kujamiiana, hususan aina ya 16 na 18 zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani ya mlango wa kizazi, huzilenga breki hizo hizo. Kwa kuwa haviwezi kuzaliana bila kutumia mitambo ya seli inayogawanyika, hutengeneza protini mbili: E7 inayoidhoofisha Rb, na E6 inayosababisha p53 kuvunjwavunjwa. Seli huendelea kugawanyika hata pale inapostahili kusimama, na makosa ya kunakili hurundikana kizazi baada ya kizazi cha seli.

Maambukizi mengi huondolewa na kinga ya mwili ndani ya mwaka mmoja au miwili. Yanayobaki, yakifikia saratani, huchukua kwa kawaida miaka 15 hadi 20, ingawa kwa mwanamke mwenye VVU asiyetumia dawa inaweza kuwa miaka 5 hadi 10. Inaumiza sana kuona muda mrefu kiasi hicho ukipotea kwa kungojea dalili, kwani damu isiyo ya kawaida na maumivu mara nyingi huja kwa kuchelewa.

Uchunguzi wa kugundua tatizo kabla ya dalili ni mwepesi: muuguzi hupaka asidi ya siki iliyozimuliwa kwenye mlango wa kizazi, husubiri kama dakika moja, na sehemu yenye seli zisizo za kawaida hugeuka nyeupe. Mara nyingi sehemu hiyo huweza kutibiwa siku hiyo hiyo kwa kuigandisha au kwa joto. Chanjo ya HPV, inayotolewa nchini Tanzania kwa wasichana tangu mwaka 2018, huzuia virusi kuingia ndani ya seli, lakini haiziponyi seli zilizokwisha kuambukizwa. Kwa hiyo aliyechanjwa naye, akifikia umri unaoelekezwa na wahudumu wa afya, anapaswa kuchunguzwa.