Pesa ya uchaguzi huanza kazi kabla ya kampeni

Baada ya kura za maoni za CCM mwaka 2020, ambapo wajumbe wa mikutano ya chama waliwachuja waliotaka kugombea, msemo mmoja ulisambaa Tanzania nzima: "Wajumbe si watu wazuri." Tulicheka sana. Watia nia waliokuwa wameshajihesabia ushindi waliambulia kura tatu, mbili, wengine hata moja hawakupata. Kwenye kicheko hicho lilipotea swali moja: hesabu ile waliipataje? Kura ni ya siri, na ilikuwa haijapigwa. Jibu kila mtu alilijua, na kwa sababu kila mtu alilijua, hakuna aliyejisumbua kuuliza.

Tunapozungumzia pesa katika uchaguzi, wengi hufikiria kampeni: fulana na khanga, wasanii jukwaani, bodaboda zilizojaziwa mafuta ziufuate msafara. Hayo ni gharama kweli, lakini kura nyingi haziamuliwi hapo. Katika majimbo mengi ya Tanzania, na katika ngome za vyama kule Kenya, anayepitishwa na chama ameshamaliza kazi; siku ya uchaguzi anasubiri kutangazwa tu. Kwa hiyo mwenye pesa na akili haiweki kwenye mkutano wa hadhara. Anaiweka kwenye mchujo.

Tupige hesabu ya mfano. Mtu ana shilingi milioni 20 za kugawa. Akizigawa kwa wapiga kura 60,000 wa jimbo, kila mmoja anapata shilingi 333, ambazo hazifiki hata nusu ya soda. Akizigawa kwa wajumbe 400 wa mkutano wa chama, kila mmoja anaondoka na 50,000. Ndiyo maana usiku wa kuamkia kura za maoni nyumba za wageni hujaa, simu huita hadi alfajiri, na ujumbe wa muamala unaingia ukisindikizwa na maneno "ya nauli" au "ya maji". CCM iliwahi kuupanua mlango huo: mwaka 2010 wanachama wa kawaida waliruhusiwa kupiga kura za maoni matawini. Mwaka 2020 kazi ikarudi kwa wajumbe. Wapiga kura wakiwa wengi rushwa haiishi, ila bei yake inapanda, na wasioimudu wanaongezeka. Kwangu hilo ni jambo kubwa kuliko semina kumi za maadili.

Sheria nayo imepita njia ndefu. Mwaka 2000 Bunge la Tanzania liliifanyia marekebisho Sheria ya Uchaguzi, likakubali kwamba kinachotolewa kwa nia njema kama ukarimu wa kimila hakihesabiki kuwa rushwa. Hiyo ndiyo takrima. Mgombea akipika pilau na kugawa vitenge wiki mbili kabla ya kura, ni mwenyeji mkarimu! Mashirika matatu ya kiraia, kikiwemo Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, yalikwenda Mahakama Kuu, na mwezi Aprili 2006 vifungu hivyo vilitupwa kwa kukiuka Katiba. Hoja iliyobeba kesi ilikuwa ya usawa: sheria inayomruhusu mgombea kukirimu inambagua mgombea asiye na cha kukirimia, na mpiga kura naye inamnyima nafasi ya kuchagua kwa uhuru.

Miaka minne baadaye ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010. Hii inamtaka mgombea aeleze fedha alizonazo na anazotarajia kupata, inampa waziri mamlaka ya kuweka ukomo wa matumizi kulingana na ukubwa wa jimbo, idadi ya watu na hali ya mawasiliano, na inakitaka chama kipeleke hesabu kwa Msajili wa Vyama vya Siasa baada ya uchaguzi. Vitendo vilivyokatazwa vinahusu pia uteuzi ndani ya chama, jambo ambalo watia nia wengi hujifanya hawalijui. Udhaifu wake uko wapi? Anayetumia ndiye anayejiandikia hesabu. Risiti ya turubai na spika itaambatishwa. Bahasha ya saa nane za usiku haina risiti. Msajili anayezipokea hesabu hizo anateuliwa na Rais, ambaye kwa kawaida ni mwenyekiti wa chama kimojawapo kinachokaguliwa.

Kenya hawajafika hata hapo. Katiba yao ya 2010, ibara ya 88, inaipa tume ya uchaguzi, IEBC, kazi ya kudhibiti kiasi ambacho mgombea au chama kinaweza kutumia. Sheria ya kufadhili kampeni ikapitishwa 2013, utekelezaji wake ukasogezwa hadi baada ya uchaguzi wa 2017. Mwaka 2021 tume ikachapisha viwango vya ukomo, wabunge wakavikataa, na uchaguzi wa 2022 ukafanyika bila ukomo wowote. Sishangai. Anayeombwa kuweka uzio ni yule yule aliyeingilia pale pasipo na uzio. Utafiti wa WFD na NIMD, taasisi za kimataifa za kukuza demokrasia, uliotolewa 2021 uligundua kwamba mgombea ubunge Kenya mwaka 2017 alitumia kwa wastani zaidi ya shilingi milioni 18 za Kenya, na wa useneta zaidi ya milioni 35. Mwalimu wa sekondari azipate wapi?

Ni haki kusema pia kwamba si kila shilingi ya uchaguzi ni chafu. Kenya ilikuwa na vituo 46,229 vya kupigia kura mwaka 2022. Mgombea urais akitaka wakala mmoja kila kituo, amlipe shilingi 1,000 tu ya chakula na nauli, tayari ni milioni 46 kwa siku moja, na bila wakala hana macho kituoni. Ruzuku ya vyama iliwekwa kwa ajili ya gharama za namna hii. Chama kisicho na ruzuku wala michango ya wanachama kitamtafuta tajiri, na tajiri hatoi sadaka.

Tajiri huyo analipwaje? Wakenya wa umri fulani wanaikumbuka noti ya shilingi 500 iliyobatizwa "Jirongo", kwa jina la Cyrus Jirongo, mwenyekiti wa Youth for KANU '92, kundi la vijana lililokipigia kampeni chama tawala cha wakati huo, KANU. Pesa ilimwagwa katika uchaguzi wa 1992, kipindi kile kile cha kashfa ya Goldenberg, ambapo hazina ililipa fidia kwa dhahabu ambayo kwa sehemu kubwa haikuwahi kusafirishwa. Mwaka 1993 mfumuko wa bei ulipanda hadi asilimia 46 hivi. Aliyepokea Jirongo moja mwezi Desemba aliirudisha dukani kidogo kidogo mwaka uliofuata, kwenye unga na mafuta ya taa, na jirani yake ambaye hakupokea kitu alilipa vilevile.

Mikutanoni tunaulizwa sana: "Nikila chake halafu kura nikampa mwingine, kosa liko wapi?" Wanasiasa wengine ndivyo wanavyowashauri watu. Kwanza, kisheria anayepokea ni mkosaji sawa na anayetoa, Tanzania na Kenya. Pili, mnunuzi mzoefu hategemei ahadi yako. Anamlipa mtu wa mtaani anayekujua, anayejua ulikuwepo kikaoni na mtaa wenu ulitoa kura ngapi. Kenya wengine hununua kitambulisho chenyewe ili mwenye nacho asipige kura kabisa. Tatu, ukimfuata baadaye kudai barabara, atakujibu kwamba hadaiwi.

Ukishuhudia ugawaji, andika tarehe, mahali, nani alitoa, nani alipokea na kiasi. Ujumbe wa muamala usiufute. Piga simu kwa taasisi ya kupambana na rushwa: TAKUKURU kwa namba 113 ukiwa Tanzania, au EACC kwa 1551 ukiwa Kenya. Zote ni bure. Usisubiri kampeni zifunguliwe: taarifa ya wiki ya kura za maoni inapokelewa kama ya wiki ya mwisho ya uchaguzi.