Unakuja kuchuliwa misuli mara ya kwanza? Jiandae kuulizwa maswali kwanza

Watu wengi hapa Tanga wakija kwenye kitengo chetu cha kuchua misuli mara ya kwanza wanakuja na mambo mawili kichwani, ama ile masaji ya hotelini yenye mziki taratibu na mafuta ya kunukia, ama yule mzee wa mtaani anayekukanda mpaka unalia. Alafu wanashangaa robo saa nzima imepita hamna aliyewagusa, wanaulizwa tu. Wengine wananuna kabisa, "mi nimekuja kuchuliwa, we unanihoji kama polisi."

Jamani, maswali ndo yanayotuonyesha pa kushika. Ukisema mgongo unauma haijatosha, tunataka kujua unafanya kazi gani, unalalaje, maumivu yanashuka mguuni au yamekaa hapo hapo. Mgongo wa bodaboda anayeshinda njia ya Pongwe sio sawa na wa mama anayekuna nazi kila siku kwenye mbuzi, huyu mama kakaa chini, kainama, mkono mmoja ndo unafanya kazi yote, kwa hiyo bega lile lile ndo linakaza, na akija kwetu wala halalamikii bega, analalamikia kichwa. Ukimbonyeza kwa dole gumba pale juu ya bega karibu na shingo unakuta kifundo kigumu, ukikikandamiza kidogo tu anaruka, "hapo hapo! Kinapanda mpaka kwenye panja!" Na Panadol kashameza za kutosha.

Baada ya maswali utaambiwa uiname, ugeuze shingo, uinue mkono, ulale tuunyanyue mguu ukiwa umenyooka. Hapo ndo kazi ya mikono inaanza.

Sasa kuna vitu usifiche hata kama unaona havihusiani: mimba, presha, sukari, homa, operesheni ya karibuni, dawa za kuzuia damu kuganda. Mguu mmoja ukivimba kwenye shavu, una moto na unauma, usimruhusu mtu yeyote auchue, nenda hospitali, maana inawezekana kuna damu imeganda mle ndani na bonge hilo likichomoka linakimbilia kwenye mapafu. Mgongo unaouma wiki na wiki huku unapungua mwili na usiku unatoka jasho unahitaji vipimo, kifua kikuu kinashika hadi uti wa mgongo na hicho hakichuliki. Na kiuno kikiuma alafu ukafa ganzi sehemu za siri au mkojo ukawa hauzuiliki, hiyo ni dharura, usisubiri kesho.

Aliyeteguka jana naye asije na mafuta ya karafuu tumkande, siku mbili tatu za mwanzo tunaacha uvimbe utulie, na kama hawezi kabisa kukanyaga apige eksirei kwanza.

Kuhusu nguo, najua hili linawasumbua hasa kina mama. Huvuliwi zote. Inafunuliwa sehemu inayofanyiwa kazi tu, kwingine unafunikwa shuka au kanga yako mwenyewe, na ukitaka mhudumu mwanamke au ukitaka kuja na dada yako akae humo chumbani sema tu mapema, hamna atakayekushangaa. Ukiona mtu anataka kukufunua bila kukueleza kwa nini, mkatalie na utoke.

Maumivu je? Yapo kidogo. Tukikuuliza maumivu ni ngapi, moja mpaka kumi, sita au saba inatosha, ikipita hapo sema "punguza", usijikaze kiume, maana ukiumia sana unabana pumzi na msuli unakaza kuukataa mkono, tunabaki tunashindana bure. Ile kauli ya kwamba asipokuliza hajakuchua mi siikubali kabisa. Na hakuna sumu inayotolewa kwenye misuli kwa kukandwa, kazi hiyo ni ya figo na ini, maji kunywa ukisikia kiu.

Kesho yake unaweza kuamka mwili umechoka kama umelima, uchovu huo kwa kawaida unaisha ndani ya siku moja au mbili. Ukizidi hapo, au ukisikia ganzi mpya, rudi au piga simu. Utaondoka pia na zoezi moja au mawili ya kufanya nyumbani, na asiyeyafanya huwa hana haja ya kutuambia, akilala tu kitandani tukamshika bega tunajua.