Haidreti Si Alama ya Mafuta

"Daktari, wakishapata haidreti baharini, si basi mafuta yako hapo chini?" Swali hili limenifuata kutoka darasani hadi matangani. Wiki hii limekuja kwa WhatsApp, na aliyeuliza ni mhandisi. Jibu ni hapana. Haidreti ni kama barafu: maji yaliyoganda yakafungia gesi, hasa methani, ndani ya vizimba vyake. Sehemu kubwa ya methani iliyogandishwa chini ya bahari haijawahi kuonja joto la kupika mafuta. Ni kazi ya vijidudu, ndani ya matope, ndugu wa wale wanaotoa mapovu ukichokonoa tope la mafunjo pale Dunga, Kisumu.

Na kabla hujauliza: Ziwa Victoria halina haidreti. Kina chake hakizidi mita 80 na kitu, na maji ni ya vuguvugu. Methani inataka presha ya kama angahewa 40 hata maji yakiwa nyuzi 4. Tanganyika ina kina cha kutosha ila joto lake limezidi. Baikal, kule Urusi, ni ziwa la baridi, nazo zimo. Tuendelee.

Gesi yenyewe kwa kawaida ni methani tupu, zaidi ya asilimia 99. Kwa hiyo si ile ya mtungi wa kilo 6 unaoupandisha boda. Hiyo ni propani na butani. Propani haienei katika vizimba vya maji vya muundo wa kwanza, ule wa kawaida wa haidreti ya methani. Ikiwepo hata kidogo, fuwele hujijenga kwa muundo wa pili, wenye vizimba vikubwa zaidi. Hivyo ndivyo ilivyo Bush Hill katika Ghuba ya Meksiko, ambako gesi iliyopikwa hupanda kutoka chini kabisa. Pale ndiyo, mafuta yapo, yanavuja hata sakafuni. Lakini Blake Ridge, mashariki mwa Marekani, iliyochimbwa 1995, ni mali ya vijidudu.

Sasa kinachonikera. Kaboni-13 ni kaboni nzito; kiasi chake katika methani hupimwa kwa ‰ dhidi ya kipimo sanifu, na namba ikizidi kuwa hasi gesi ni nyepesi zaidi. Watu wameigeuza -60‰ kuwa kizuizi cha mpaka wa Busia: chini yake vijidudu, juu yake joto. Nililetewa ripoti: methani -58, ethani (gesi nzito kuliko methani) chembe tu, safu ya hewa ya ukaa kwenye jedwali haina namba, halafu hitimisho kwa herufi nzito, "asili ya joto". Safu tupu! Vijidudu hupendelea kaboni-12, iliyo nyepesi. Katika tope lililofungika huimaliza kwanza, hivyo hewa ya ukaa inayobaki inazidi kuwa nzito, na methani inayotoka humo baadaye nayo inapanda uzito. Ni vijidudu wale wale, kazi ile ile, namba tu zinasogea. Bila kupima hewa ya ukaa iliyokaa pamoja na methani hiyo, -58 haikwambii kitu.

Uwiano wa methani kwa ethani na propani husaidia: ukipita 1,000 unanusa vijidudu, ukishuka chini ya 100 unanusa joto. Husaidia, hauamui. Fuwele za muundo wa pili huvuta ethani na propani kuliko methani, kwa hiyo kipande cha haidreti na mapovu yanayotoka kando yake vinaweza kutoa majibu mawili ilhali chanzo ni kimoja.

Kuna na kosa la upande wa pili, ambalo wanaonishangilia hapa hawatalipenda. Vijidudu wanaokula mafuta ya chini hutoa methani mpya, kavu, ambayo kwa namba zake inaweza kufanana na ya matope. Methani peke yake haiwezi kututenganishia hizo mbili, na mimi siamini anayesema ameweza.

Hata Blake Ridge haijatulia. Kwamba ni vijidudu, sibishi. Ila kaboni ya mabaki ya viumbe katika tope la pale ni kidogo, haionekani kutosha kutengeneza gesi yote papo hapo. Basi nyingine imepanda kutoka tabaka za chini zaidi. Imepanda kiasi gani, na kwa njia ipi, ndipo ubishi wetu ulipo.