Kuseti mashine ya kupokea simu ofisini bila kula salio la mpigaji

Wakuu, kufunga simu za maofisini ndo kazi yangu hapa Dar na ombi linalokuja kila wiki ni lile lile, "tuwekee na sisi ile sauti ya bonyeza moja, bonyeza mbili." Nitakuwekea, na ukitaka kujiwekea mwenyewe inawezekana kabisa maana programu ni ya bure. Ila kuna kitu kimoja kikae kichwani kabla hujagusa kompyuta, kwa sababu maelekezo mengi utakayokuta mtandaoni yameandikwa kwa sehemu ambako anayepiga na anayepigiwa wote hawahesabu sekunde. Huku kwetu simu ikiwa inaita tu, mpigaji hakatwi kitu. Mashine ikipokea, makato yanaanza palepale, sawasawa na angepokea bosi mwenyewe. Yaani kila sentensi unayorekodi kuna mtu anailipia, na huyo mtu pengine ana dakika tatu zimebaki kwenye kifurushi cha buku alichojiunga asubuhi.

Karibu kila ninachoshauri hapa chini kimetoka hapo.

Vifaa nipite haraka. Programu ninayotumia ni Asterisk, inaigeuza kompyuta kuwa mtambo wa simu za ofisi, aliianzisha Mark Spencer huko Marekani mwaka 1999, jamaa alitaka simu ya ofisi yake akaona bei haishikiki akaamua kuandika ya kwake. Juu yake unaweka FreePBX ambayo inakupa kurasa za kubonyeza kwenye brauza badala ya kuandika mafaili kwa mkono, toleo la 17 linakaa juu ya Debian 12. Kompyuta ya kawaida ya mezani, ambayo ndo itakuwa seva, inatosha sana kwa ofisi yenye simu 15 au 20. Kinachosahaulika ni umeme: nunua swichi inayopeleka umeme kwenye waya uleule wa netiweki, halafu swichi, rauta na seva vyote vichomekwe kwenye UPS, la sivyo umeme ukikatika seva inabaki hai na simu za mezani zote zimezima, haina maana yoyote.

Laini chukua kwa mwendeshaji mwenye leseni, waambie unataka tranki ya SIP (laini ya simu inayopita kwenye intaneti) na namba ya 022. Intaneti haihitajiki kubwa, simu 10 kwa wakati mmoja kwa sauti isiyobanwa (G.711) hazifiki Mbps 1 kwenda na Mbps 1 kurudi, kinachohitajika ni intaneti isiyoyumba. Kuna wanaotumia kile kiboksi cha kuchomeka laini za simu za kawaida, kinafanya kazi, ila kumbuka TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wanawasaka watu wanaoingiza simu za nje kwa viboksi vya aina hiyo, kwa hiyo hata kama wewe unapokelea simu za wateja wako tu, ongea kwanza na mwendeshaji akupe ruhusa kwa maandishi. Mimi sifungi kabla ya hilo karatasi.

Sasa tuje kwenye utamu wenyewe. Kosa la kwanza la ofisi nyingi ni kuiweka mashine mlangoni, simu ikiingia tu inadakwa na sauti. Kwa nini? Kama kuna dada wa mapokezi amekaa pale, mwache apokee! Kuita ni bure kwa mpigaji. Mimi naseti hivi: simu inaingia, inaita mapokezi sekunde 15, hakuna aliyeshika inaita na meza mbili za jirani sekunde 10 nyingine, bado kimya ndo mashine inapokea. Kwenye FreePBX hiyo ni ring group (kundi la simu zinazoitishwa pamoja) mbili zinazofuatana halafu mwisho wake unaelekeza kwenye IVR, ndo jina la menyu ya sauti humo ndani. Usizidishe hizo sekunde 25 kwa sababu mitandao ya simu haiachi simu iite milele, inaweza kukatwa upande wa mpigaji mashine haijapata hata zamu.

Kuna mjanja atauliza, si kuna namna ya kupiga sauti bila kupokea simu ili mpigaji asikatwe? Ipo. Asterisk inaweza kutuma sauti kabla ya kupokea, unaweka amri ya Progress halafu ya Playback yenye neno noanswer. Kwa tangazo fupi kama "leo tumefunga, piga kesho saa mbili" ni kitu kizuri mno. Ila kwa menyu haifai, maana mara nyingi namba anazobonyeza mpigaji hazifiki kwako mpaka simu iwe imepokelewa, na kuna mwendeshaji anaizuia kabisa sauti hiyo, mteja anaishia kusikia mlio wa kuita. Jaribu kwa laini yako kwanza ndo uamue.

Menyu. Tuchukue ofisi ya wakala wa forodha, wale wanaotoa mizigo bandarini, nimefunga kadhaa. Bosi atakuja na karatasi: karibu kampuni yetu, tulianzishwa mwaka fulani, tumesajiliwa, tuna matawi, simu yako ni muhimu sana kwetu. Namwambia bosi, kaa hapa, nakusomea huku naangalia saa. Akisikia zimefika sekunde 40 hakuna aliyesema bonyeza moja mwenyewe anaanza kufuta. Kinachobaki ni hiki:

"Karibu, umefika" halafu jina la ofisi. "Kujua mzigo wako umefikia wapi, bonyeza moja. Bei na kazi mpya, bonyeza mbili. Malipo, bonyeza tatu. Kuongea na mhudumu, bonyeza sifuri. For English, press nine."

Angalia mpangilio. Shida inatangulia, namba inafuata, kwa sababu mtu anasikiliza shida yake kwanza, akiisikia ndo anatega sikio kwa namba, ukisema "bonyeza moja kama unataka kujua mzigo" mpaka anaelewa ni lake ile moja imeshamtoka. Kinachoulizwa zaidi kinakaa juu, na usikisie, fungua ripoti ya simu uone au muulize dada wa mapokezi, anajua kuliko bosi. Kiingereza kinakaa mwisho kwa sentensi moja tu, zile menyu za kuanza na "kwa Kiswahili bonyeza moja" zinawalipisha wote foleni ya lugha wakati tisa katika kumi wanataka lugha ileile. Benki sawa, ofisi ya watu 15 ya nini? Na machaguo ya Kiswahili yasivuke nne, yaani moja, mbili, tatu na sifuri. Kwenye laini mbovu "tatu" na "tano" zinasikika karibu sawa, ukiishia tatu umeshaukwepa huo mtihani.

Halafu hii ndo siri ambayo wengi hawaijui. Unataka mteja anayeijua ekstensheni ya mtu (namba yake fupi ya ndani ya ofisi) aibonyeze moja kwa moja menyu ikiwa inaongea, vizuri. Lakini kama ekstensheni zako ni 101, 102, 103, na kwenye menyu pia kuna "bonyeza moja", mtu akibonyeza 1 mashine haijui kama amemaliza au anaendelea na 01, inakaa kusubiri, na kwa kawaida Asterisk inasubiri sekunde 5 nzima. Mteja anadhani haijashika, anabonyeza tena 1, sasa ni 11, namba haipo, "samahani chaguo lako si sahihi". Dawa yake ni rahisi, ekstensheni zote zianzie na namba ambayo haipo kwenye menyu, mimi napenda 6, yaani 601, 602, ukibonyeza 1 inaruka papo hapo. Na asiyebonyeza kitu usimrudishie menyu mara tatu kama ilivyo kwenye mifano ya mtandaoni, akikaa kimya sekunde 4 mpeleke kwa mtu. Pengine anaendesha gari, pengine ni mzee ambaye hajui hiyo namba inabonyezwa wapi wakati simu iko sikioni.

Kurekodi: tafuta chumba chenye mapazia au kabati la nguo, sio ile meza iliyo chini ya feni. Rekodi kwa ubora wowote halafu kwenye Audacity geuza iwe mono, 8000 Hz, 16-bit, ndo Asterisk inavyotaka. Simu ya kawaida inapitisha sauti kati ya Hz 300 na 3400 hivi, kwa hiyo lile besi la mtangazaji mnalolipenda halifiki kokote, linabaki ofisini, chagua mtu mwenye matamshi safi hata kama sauti yake nyembamba. Mwanzoni acha nusu sekunde ya ukimya maana simu ikipokelewa sauti inachelewa kidogo kufunguka, usipoacha "Karibu" inafika "ribu". Na rekodi kila sentensi faili lake, siku malipo yamehamia bonyeza nne hutaki kumtafuta aliyerekodi ambaye alishaacha kazi.

Saa! Seva nyingi zikitoka kwenye CD au kwa watu wa kukodisha ziko kwenye UTC, saa tatu nyuma yetu. Usipoweka Africa/Dar_es_Salaam ofisi inafunguliwa saa mbili asubuhi na mashine inaendelea kusema tumefunga mpaka saa tano. Na nimeshakuta pahala palipoandikwa 02:00 mpaka 11:00 kwenye ratiba, fundi alichukua saa mbili mpaka saa kumi na moja akaziingiza kama zilivyo, ofisi ikawa inapokea simu usiku wa manane. Kwenye mashine ni 08:00 hadi 17:00. Sikukuu za tarehe maalumu ziandike mwaka mzima, ila Idi inasubiri mwezi uandame, kwa hiyo weka swichi ya mkono: kwenye FreePBX inaitwa call flow control, mtu anabonyeza *28 na namba moja mbele yake kwenye simu ya mapokezi, ofisi inahamia hali ya kufunga. Mfundishe dada wa mapokezi na mlinzi pia.

Voismeli nayo, lile sanduku la kuachia ujumbe wa sauti. Tuseme ukweli, Wabongo hatuachi ujumbe kwenye mashine. Tukisikia mlio tunakata, tunatuma meseji au voisinoti WhatsApp, au tunabipu. Kwa hiyo ukiacha mipangilio ya kawaida sanduku litajaa jumbe za sekunde mbili za mtu anakata simu. Kwenye mipangilio ya voismeli weka minsecs=4 (sekunde za chini kabisa), ujumbe mfupi kuliko hapo unatupwa wenyewe, na maxsecs=120 inatosha. Tangazo lake liwe "Acha jina, namba na shida yako, tutakupigia," basi. Washa attach=yes ujumbe uende kwenye imeili, na chagua aina ya faili kwa akili: wav ya kawaida inakula karibu MB 1 kwa dakika, wav49 ni kama sehemu ya kumi ya hapo lakini simu nyingi zinagoma kuicheza, na mkuu wa mauzo anasikilizia kwenye simu akiwa kwenye daladala, kwa hiyo mimi nabaki na wav. Imeili zipitishe kwenye akaunti halisi ya ofisi poti 587, zikitumwa na seva yenyewe zinaishia kwenye spamu. Ndani ya imeili weka namba ya mpigaji ianze na +255 ili anayesoma aiguse tu ipige.

Lakini kama unaniuliza mimi, kitu cha maana kuliko voismeli ni orodha ya waliokata. Asterisk inaandika kila simu kwenye CDR, daftari lake la simu zote, hata ile iliyoita mara moja ikafa, imeandikwa NO ANSWER na namba yake. Hizo ndo bipu zako, hao ni wateja. Ukiwa na kiskripti kidogo kinachotuma orodha hiyo mapokezi kila saa, anawapigia mmoja mmoja, utaokota biashara ambayo hakuna sanduku la sauti lingekuletea.

Usalama naomba usiuruke. Poti 5060, mlango ambao simu za SIP zinapitia, ikiwa wazi kwa dunia nzima, ndani ya muda mfupi utaona kwenye logi maprogramu yanajaribu 100, 101, 102 na paswedi zilezile. Ruhusu anwani ya mwendeshaji wako tu, washa fail2ban (inamfungia nje anayekosea paswedi mara kwa mara), paswedi za ekstensheni ziwe ndefu za ovyoovyo. Namba ya siri ya voismeli isifanane na ekstensheni, na ule uwezo wa kupiga nje ukiwa ndani ya voismeli uzime kabisa, wezi wanaupenda sana. Simu za nje ya nchi zifunge mpaka mtu aombe. Na kwenye rauta zima SIP ALG, kile kipengele kinachojitia kurekebisha simu za SIP zikipita, ndo mchawi wa kesi nyingi za "mimi namsikia yeye hanisikii".

Kuhusu kurekodi mazungumzo, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, ukirekodi lazima umwambie mteja, na kumwambia ni sentensi nyingine anayoilipia. Kama huna sababu ya maana usirekodi.

Siku ya kukabidhi tafuta laini ya Voda, Airtel, Yas, Halotel na TTCL, piga kwa kila moja, bonyeza kila namba, mojawapo iwe kile kitochi cha vitufe na nyingine simu ya mezani. Ikitokea mtandao mmoja namba hazishiki wakati mingine inashika, angalia kwenye tranki kama DTMF, ile milio ya namba zinazobonyezwa, imewekwa RFC 4733 (kwenye mipangilio ya zamani utaikuta kwa namba yake ya zamani, 2833), kama ipo sawa mpigie mwendeshaji mkae naye hewani hadi ishike. Bosi asisaini kabla ya hapo.